Kutaniana kwa Kichina Mtandaoni: Mwongozo kwa Anayeingia Kundi la Marafiki

Mtu anaweza kusoma Kichina darasani kwa miaka miwili, akafaulu mtihani wa HSK wa kupima Kichina cha wageni, akapata nafasi ya kusoma au kufanya biashara China, na siku ya kwanza anapoingizwa kwenye kundi la marafiki la WeChat, programu ya Kichina ya kutumiana ujumbe, akakuta mazungumzo yamejaa namba, herufi za Kilatini zisizounda neno lolote, matikiti maji na vichwa vya mbwa. Ndivyo ilivyonitokea nilipofika Wuhan. Kamusi haikunisaidia sana, kwa sababu sehemu kubwa ya misimu hiyo, yaani maneno ya utani ya vijana, huishi kwenye sauti, na sehemu iliyobaki huishi kwenye uhusiano uliopo kati ya anayesema na anayeambiwa. Mwongozo huu unafuata njia hizo mbili: kwanza kusikia, kisha kupima ukaribu. Unamfaa mtu anayejua Kichina cha mwanzo na ana angalau marafiki wawili au watatu wa kuzungumza nao.

Hatua ya kwanza: weka kibodi ya pinyin na uielewe inavyofanya kazi

Weka kwenye simu yako kibodi ya Kichina ya pinyin, yaani ile unayoandikia kwa herufi za Kilatini kisha ikakupa herufi za Kichina za kuchagua. Pinyin ilipitishwa rasmi China mwaka 1958, na leo ndiyo njia ambayo vijana wengi huitumia kuandika kwenye simu na kompyuta. Ijaribu kwa dakika chache kabla ya jambo lingine lolote. Ukiandika «shi» utaletewa orodha ndefu ya herufi zenye maana tofauti kabisa, kwa kuwa Kichina sanifu kina silabi zipatazo 400 tu bila kuhesabu toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, na kila silabi hubebeshwa mzigo wa maneno mengi. Ukiandika herufi za mwanzo peke yake, tuseme «xswl», kibodi hukisia sentensi nzima.

Katika mambo hayo mawili ndimo misimu mingi ilimozaliwa. Mtu anayeandika haraka huchagua herufi isiyo sahihi yenye sauti ileile, wenzake wakacheka, na kosa likageuka kuwa neno. Mwingine huona uvivu hata wa kuchagua, akatuma zile herufi za mwanzo zilivyo. Mswahili hapaswi kushangaa, kwani sisi wenyewe tumeandika «k2» kwa maana ya kitu, «wa2» kwa maana ya watu na «cjui» kwa maana ya sijui tangu enzi za kuhesabu herufi za meseji. Tofauti ni kwamba sisi tuliazima sauti ya namba ya Kiingereza, ilhali Wachina wana namba zao wenyewe zinazotosha.

Hatua ya pili: soma namba kwa sauti, usizisome kwa macho

Jifunze kutamka tarakimu zote mpaka zikutoke bila kufikiri: líng, yī, èr, sān, sì, wǔ, liù, qī, bā, jiǔ. Ukikutana na mfululizo wa namba ambao si bei wala namba ya simu, usome kwa sauti, kisha usikilize unafanana na sentensi gani. Mfanano huo si kamili, na toni hazizingatiwi sana, kwa hiyo sikio lako linapaswa kuwa na huruma kidogo.

Anza na 520. Ukitamka wǔ èr líng haraka haraka, utasikia kwa mbali wǒ ài nǐ, «nakupenda». Kwa kuwa Wachina hutaja mwezi kabla ya siku, tarehe 20 Mei, yaani 5/20, imekuwa siku ya wapendanao isiyo rasmi, na maduka ya maua huishangilia kuliko mtu yeyote. Kwa kawaida bahasha nyekundu ya WeChat, ile ya kutumiana pesa za zawadi, haiwezi kubeba zaidi ya yuan 200, lakini siku hiyo WeChat imekuwa ikiruhusu mtu atume yuan 520 kwa mpigo mmoja, na yapo mapenzi yaliyopimwa kwa tarakimu hizo. Namba 1314, yī sān yī sì, husikika kama yī shēng yī shì, «maisha yote», nayo huongezwa baada ya 520 na mtu aliyezama kabisa. Marafiki wa kike hutumiana 520 bila kukusudia mapenzi ya uchumba, kama vile dada zetu wanavyoitana «mpenzi» saluni. Mwanamume akimtumia msichana asiyemzoea, hata hivyo, itasomwa kama ilivyoandikwa.

Nyingine hazihitaji maelezo marefu. 88 ni bā bā, yaani «bai bai», na ndiyo maana mtu akikutumia 88 hakutakii utajiri bali anaaga. 886 ni kuaga kulekule kukiwa na mkia wa utani. 9494 ni jiù shì jiù shì, «ndivyo hasa». 7456 ni qì sǐ wǒ le, «umeniua kwa hasira», nayo inaanza kunuka uzee. 3Q, ambayo husomwa «san kyu», ni shukrani ya Kiingereza iliyovishwa tarakimu ya Kichina.

Namba 666 inastahili kituo. Liù, sita, ina sauti sawa na neno lenye maana ya kufanya jambo kwa ulaini na ustadi, na wachezaji wa michezo ya kompyuta walianza kuiandika pale mwenzao alipofanya jambo la kustaajabisha, kwa sababu katikati ya mchezo hakuna muda wa kuandika sifa ndefu. Msomaji aliyekulia kanisani au aliyesoma kitabu cha Ufunuo atashtuka mara ya kwanza, lakini kwa Wachina hapana mnyama yeyote hapo. Ni «umetisha» tu. Kuwa mwangalifu na tarakimu moja: rafiki anapokujibu «6» peke yake baada ya kisa chako kirefu, mara nyingi anamaanisha «haya bwana, umeshinda, sina la kusema», na si lazima kiwe kicheko cha furaha.

Hatua ya tatu: jifunze kucheka na kulia

Kilio ni 555, kwa kuwa wǔ wǔ wǔ inafanana na wū wū wū, sauti ya kulia kwa kwikwi. Ni kilio cha utani: basi limekuacha, mtihani umesogezwa mbele, chai ya maziwa imemwagika. Aliyefiwa haandikiwi 555. Kwa faida ya anayepita Bangkok, tarakimu hizohizo kwa Kithai ni kicheko, na mkanganyiko huo umeshachekesha wengi.

Kicheko ni 233, na hiki hakitokani na sauti hata kidogo, kwa hiyo usipoteze muda kukitamka. Katika jukwaa la zamani la mtandaoni liitwalo Mop kulikuwa na picha ndogo za hisia zilizopewa namba, na picha namba 233 ilikuwa ya kiumbe anayepiga sakafu kwa kucheka. Watu wakabaki na namba picha ilipopotea. Kadiri tarakimu 3 zinavyoongezeka, 23333333, ndivyo mtu anavyogaragara zaidi. Tovuti ya video ya Bilibili iliyoanza mwaka 2009 ina vibonzo viwili vya wasichana viitwavyo 22 na 33, na anayejua 233 huona utani huo papo hapo.

Siku hizi vijana hutumia zaidi hahaha ya kawaida, 哈哈哈, na hapa idadi ndiyo sarufi yenyewe. Ha moja, 哈, ni ubaridi. Ha mbili, 哈哈, ni adabu ya mtu asiyechekeshwa. Ha tatu ni tabasamu, na kuanzia tano kwenda juu mtu anacheka kweli. Nimewaona watu wazima wakihesabu ha za wachumba wao.

Hatua ya nne: fumbua herufi za mwanzo

Ukikuta kundi la herufi za Kilatini, liandike kwenye kibodi yako ya pinyin uone inakupa sentensi gani. Mara nyingi itakufumbulia yenyewe. Yaliyo ya lazima si mengi. «yyds» ni yǒngyuǎn de shén, «mungu wa milele», sifa iliyotoka kwa mashabiki wa michezo ya kompyuta na kuenea mno mwaka 2021, hata wali wa kukaanga ukaitwa mungu wa milele. «xswl» ni xiào sǐ wǒ le, «nimekufa kwa kucheka». «awsl», ā wǒ sǐ le, pia ni kufa, ila kwa sababu ya kitu kizuri mno, kama mtoto wa paka. «nsdd» ni «umesema kweli». «dbq» ni duìbuqǐ, «samahani», na usiitumie kwa kosa la kweli, kwa maana anayeomba radhi kwa konsonanti tatu hajaomba. «u1s1», yǒu yī shuō yī, ni «niseme lililopo», na huwekwa mwanzo wa maoni ambayo huenda yasipendwe. «xdm» na «jms» ni «kaka zangu» na «dada zangu» kwa kundi zima.

Usizirundike. Sentensi yenye vifupisho vitatu hutoka kama mtu aliyevaa kofia tatu.

Hatua ya tano: sikia neno lililojificha nyuma ya neno

Hapa ndipo utani wa Kichina unapokuwa mtamu, na hapa ndipo unapopaswa kutumia muda wako mwingi. Anayesema Kiswahili anajua kwamba mbuzi anaweza kuwa mnyama au kifaa cha kukunia nazi, na kwamba barabara hubadilika maana kwa kuhamisha mkazo tu. Wachina hufanya hivyo mchana kutwa, kwa maana silabi zao ni chache na herufi zao ni nyingi.

Neno bēijù lina maana ya tanzia, 悲剧. Liandike 杯具, kwa toni zilezile, na umepata «kikombe cha chai». Mtu aliyefeli usaili akaandika «maisha yangu ni vikombe vya chai» amelia na kucheka kwa pamoja. Neno yālì, msongo, hugeuka kuwa yālí, aina ya peasi, na sentensi «msongo mkubwa kama mlima», yālì shān dà, inafanana na jina la Kichina la Iskanda, Yàlìshāndà, hivyo mwanafunzi wakati wa mitihani hutaja mapeasi na mfalme wa Makedonia kwa mara moja. «Namna hii», zhèyàngzi, ikitamkwa kwa kuvutavuta huwa jiàngzi na huandikwa kwa herufi za mchuzi na zambarau, 酱紫. «Dada», jiěmèi, huwa 集美, jíměi, «kusanyiko la uzuri», na hakuna dada atakayekataa.

Lahaja nazo huchangia. Oktoba 2016 kijana mmoja wa Nanning, mkoani Guangxi, aliyeachwa na mpenzi wake alijirekodi akisema anaumia na anataka kulia, nánshòu xiǎng kū, lakini kwa matamshi ya kwao ikasikika lán shòu xiānggū, ambayo kwa herufi ni «buluu, nyembamba, uyoga». Kwa miezi kadhaa China nzima iliumia kwa uyoga. Yeyote aliyewahi kuchekwa kwa kuchanganya «r» na «l» atamwonea huruma kijana yule, na atacheka vilevile.

Njia ya kujifunza ni hii: unapokuta neno la jikoni au la sokoni mahali lisipostahili, usiulize maana yake kwanza. Litamke mara tatu kwa kasi, ukibadilisha toni. Usipolisikia neno lililojificha, hapo ndipo umwulize rafiki, naye atafurahi kukueleza.

Hatua ya sita: jifunze picha chache zinazotumika kila siku

Picha hizi za maneno hazina sauti iliyofichwa, kwa hiyo zinashikika upesi. Kula tikiti, chī guā, ni kukaa pembeni ukitazama ugomvi au kashfa ya wengine. Asili yake ni mbegu zinazotafunwa na watazamaji, lakini emoji ya tikiti maji ndiyo iliyoshika. Kumwachia mtu njiwa, fàng gēzi, ni kuahidi kufika usifike, na mwenye tabia hiyo hulizwa «gu gu gu» kama njiwa. Kugusa samaki, mō yú, ni kutega kazini huku umejiinamia kwenye kompyuta. Kupiga mbizi, qiánshuǐ, ni kukaa kundini bila kuandika neno, na kutoa povu, mào pào, ni kuibuka na kusalimia. Kupanda majani, zhòng cǎo, ni kumtamanisha mtu kitu mpaka akitake. Kuwa jini la limau, níngméng jīng, ni kuingiwa na kijicho, na hutumiwa na mwenye kijicho mwenyewe kwa kujicheka.

Kula udongo, chī tǔ, hunifurahisha kuliko zote. Kwetu ukisikia mwanamke anakula udongo utampa hongera na kuuliza atajifungua lini. Kwa Wachina, amefulia: pesa zote zimeishia kwenye manunuzi ya tarehe 11 Novemba, siku ya punguzo kubwa mtandaoni, na mwezi uliobaki ni wa kula udongo.

Kuna pia neno la Versailles (kasri la wafalme wa Ufaransa), Fán'ěrsài, lililotia fora mwaka 2020, kwa ajili ya mtu anayejisifu huku akijifanya analalamika. «Mume wangu ananisumbua, kaninunulia gari lenye rangi nisiyoipenda.» Mjibu kwa neno hilo moja, naye atajua umemshtukia.

Hatua ya saba: pima joto la jibu lako

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu, na ningependa isikugharimu wewe. Asubuhi moja ya baridi mwenzangu wa bweni aliniandikia kwamba yuko njiani na ameninunulia règānmiàn, tambi za Wuhan zinazochanganywa na ufuta uliosagwa. Mimi, nikikumbuka kwamba kitabu kilieleza 呵呵, hēhē, kuwa ni sauti ya kucheka kidogo, nikamjibu hivyo. Alifika, akaweka bakuli mezani, akatoka, na hakunisemesha hadi jioni. Rafiki wa tatu ndiye aliyenieleza kwamba miongoni mwa vijana hēhē imekuwa kicheko cha dharau, cha mtu anayesema «sawa, nimekusikia, sasa niondokee». Nilimwomba radhi kwa sentensi kamili, na tambi za siku iliyofuata nilinunua mimi.

Basi kumbuka ngazi hizi. Kukubali kwa 嗯 moja, «ng», ni kukavu. Ukiirudia, 嗯嗯, inakuwa laini na ya kirafiki. 哦, «o», peke yake hufunga mlango wa mazungumzo. «Sawa» ya 好 ni fupi mno, 好的 ni ya heshima na ya kiofisi, ilhali 好滴 na 好哒, hǎo di na hǎo da, zina uchangamfu na huwafaa marafiki. 行, xíng, ni ya kawaida, lakini 行吧, yenye ba mkiani, ni ya mtu aliyekubali kwa shingo upande. Kwa msimamizi au mwalimu aliyekutumia maagizo, jibu ni 收到, shōudào, «nimepokea», na hapo usichanganye na kitu kingine.

Emoji nazo zina rika. Ile ya tabasamu la kawaida, yenye macho yanayotazama chini kwenye WeChat, huonekana na vijana kama tabasamu la mtu aliyechoshwa nawe, kumbe mama zao huituma kwa wema mtupu. Ukiipokea kutoka kwa mtu wa miaka hamsini, shukuru. Ukiipokea kutoka kwa rika lako, rudi usome ulichoandika. Mkono wa kupunga hutumika kwa kejeli pia, kwa maana ya «urafiki wetu umeishia hapa».

Kinga ya yote hayo ni kichwa cha mbwa, yule mbwa wa Kijapani mwenye uso wa kujua mengi. Kikiwekwa mwisho wa sentensi kali hutangaza kwamba sentensi hiyo ni utani, na Wachina wenyewe husema kichwa cha mbwa huokoa maisha, gǒutóu bǎomìng. Mtu asiyekiona kwenye kibodi yake huandika tu 狗头 kwenye mabano. Mgeni hatakiwi kuona aibu kukitumia kila mara, kwa sababu toni ya utani ndiyo inayopotea kwanza katika lugha ya pili.

Hatua ya nane: jizoeze kwa mazungumzo mafupi

Chukua mazungumzo kama haya ya marafiki watatu, usome kwa sauti, kisha ufunike maelezo yaliyo chini na ujaribu kuyafumbua.

Wa kwanza: u1s1，新开的那家火锅 yyds
Wa pili: 种草了，可是月底吃土 555
Wa kwanza: 你潜水三天，是摸鱼还是省钱？[狗头]
Wa tatu: 哈哈哈哈哈哈 我吃瓜
Wa pili: 别骂了。周六去，谁鸽谁是小狗
Wa tatu: 好滴，88

Wa kwanza anasema, kwa kusema lililopo, mkahawa mpya wa huoguo, chakula kinachochemshwa kwenye chungu cha supu mezani, ni mungu wa milele. Wa pili ametamanishwa, ila ni mwisho wa mwezi na anakula udongo, analia. Wa kwanza anamtania kwamba siku tatu alizopiga mbizi alikuwa anategea kazi au anabana matumizi, na kichwa cha mbwa kinaeleza kwamba si shutuma. Wa tatu anacheka ha sita na kujitangaza mla tikiti. Wa pili anaomba asisemwe zaidi na kupanga Jumamosi: atakayewaachia wenzake njiwa ni mbwa mdogo. Hilo la mbwa mdogo ni kiapo cha watoto, na ndiyo maana halimkeri mtu. Wa tatu anakubali kwa uchangamfu na kuaga.

Angalia kwamba hakuna ujumbe uliobeba misimu zaidi ya mitatu, na kwamba majibu ni mafupi.

Hatua ya tisa: jua mahali pa kunyamaza

Usimtumie mtu yuan 250 hata kama ndilo deni lenyewe kamili. Ongeza au punguza moja, kwa kuwa èrbǎiwǔ ni «mpumbavu». Usiandike 748, kwani qī sì bā ni qù sǐ ba, «kafe huko», na miongoni mwa wasiozoeana haina utani. 38 humtukana mwanamke kuwa mbea. Mambo mengi yanayoonekana kama majani au wanyama wasio na hatia ni matusi ya nguoni yaliyobadilishwa herufi. 草, «nyasi», ikiandikwa peke yake kama mshangao ni mojawapo. Utaiona kila mahali. Isome, uielewe, usiiandike.

Misimu yote hii haina nafasi kwenye insha ya mtihani, barua ya maombi wala ujumbe kwa mwenye kiwanda unayemwagizia mzigo wa Kariakoo. Oktoba 2024 mamlaka ya usimamizi wa mtandao ya China pamoja na Wizara ya Elimu zilianzisha kampeni dhidi ya matumizi holela ya maneno ya mtandaoni, yakiwemo ya kubadilisha herufi kwa kufuata sauti, na walimu wa shule wamekuwa wakilalamika juu ya insha zenye yyds. Mwalimu wako wa Kichina naye huenda asicheke.

Hatua ya kumi: angalia umri wa neno, kisha mtunge lenu

Maneno haya huzeeka haraka. Herufi 囧, jiǒng, inayofanana na uso wa mtu aliyeaibika, ilitamba mwaka 2008. Shénmǎ, «farasi wa kimiujiza» kwa maana ya «nini», ilitamba 2010. Anayeyatumia leo huonekana kama mjomba anayejaribu kucheza muziki wa wapwa zake. Jarida la lugha la Yaowen Jiaozi la Shanghai hutoa kila mwaka orodha ya maneno kumi yaliyovuma, na mimi huitumia kinyumenyume: neno likishafika humo, nalielewa, lakini nasubiri nione kama marafiki zangu bado wanalisema. Namba zimedumu kuliko zote. 88 na 555 ni za zamani, na bado hazimchekeshi mtu kwa uzee.

Ukishazoea, utagundua kwamba maneno yanayochekesha zaidi ni yale ambayo kundi lenu limeyatunga lenyewe, na kwamba Kiswahili chako ni mali katika kazi hiyo. Wenzangu walikuwa wakinisikia nikisema «pole» kila mtu alipopatwa na jambo. Masikioni mwao ilikuwa 破了, pò le, «imepasuka», nayo iko karibu kabisa na 破防了, pòfáng le, «ngome yangu imebomoka», ambalo vijana huliandika wanapoguswa au kuumizwa na jambo. Tangu hapo mmoja wetu akifeli somo, akiachwa au akikosa tiketi ya treni ya kurudi kwao wakati wa mwaka mpya, wote tunaandika 破了破了, pole pole. Nje ya kundi letu la watu watano hakuna anayelielewa, na nikilieleza kwa mtu mwingine halichekeshi.